JAMII NA AFYA: Dawa Iliyo Hai Hufia Njiani

Ndugu msomaji, katika likizo yangu iliyopita nilipanda basi kwenda Tukuyu kumjulia hali shangazi yangu, ambaye nyumba yake imejificha katika migomba kando ya barabara iendayo Masoko. Waijuao Rungwe hawahitaji kuelezwa habari za mvua ya kule. Mji wa Tukuyu uko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Rungwe, na kwa mwaka hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua. Nguo zilizofuliwa Jumatatu huweza kuanuliwa Alhamisi zikiwa bado zina unyevu, na chumvi isiyofunikwa huloa yenyewe mezani. Naomba uiweke akilini chumvi hiyo, kwa kuwa tutairudia.

Nilipobisha hodi sikupokewa kwa vigelegele nilivyovizoea. Mjukuu wa shangazi, mtoto wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa anaharisha kwa siku ya pili. Juma lililotangulia alikuwa ameugua kichomi, akapewa dawa ya antibiotiki, na kichomi kikatulia. Lakini tumbo likachafuka.

"Umetukuta na mtihani, mwanangu," shangazi aliniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu.

Mama wa mtoto, ambaye kwangu ni shemeji, hakuwa amekaa bure. Alikuwa amefunga safari hadi dukani na kununua, kwa fedha ambazo si haba kwa mkulima wa chai na ndizi, kikopo cha vidonge vya ganda vilivyoandikwa kuwa vina bakteria hai wenye faida. Alinionyesha. Kikopo kilikuwa kinakaa kwenye rafu juu ya jiko, kifuniko kikiwa kimelegea, na vidonge vilikuwa vimeanza kugandamana kwa unyevu. Kila asubuhi na jioni alifungua kidonge kimoja na kumimina unga wake katika uji wa moto.

"Shemeji, hawa ni bakteria wazuri," alinieleza. "Nimeambiwa wanarudisha wale waliouawa na antibiotiki."

"Na maji ya ORS, amepewa?"

"Bado. Nilidhani hii inatosha."

Macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani na midomo imekauka. Hatukungoja chai. Tulimfunika khanga, tukashika njia ya zahanati, na huko alipewa maji ya ORS, kijiko kwa kijiko, pamoja na vidonge vya zinki. Siku ya tatu alikuwa anafukuza kuku uani. Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini jioni ile nilipokuwa nimeketi jikoni, niliona pembeni mwa jiko kibuyu cha mtindi cha shangazi, na juu yake, kwenye rafu, kile kikopo cha dukani. Vyombo vyote viwili vilitakiwa kuwa na viumbe hai ndani. Kimoja kilikuwa nao kwa mamilioni. Cha pili, kwa kadiri ninavyoweza kufahamu, kilikuwa kaburi. Tofauti ya vyombo hivyo viwili ndiyo habari ya leo.

WAGENI WEMA TUMBONI

Matumbo ya mwanadamu yana bakteria wasiohesabika. Wengi wao si adui. Husaidia kumeng'enya chakula, hutengeneza baadhi ya vitamini, na huwanyima nafasi wale walio hatari. Antibiotiki inapomezwa ili kumuua bakteria wa kichomi, haina macho ya kuchagua. Huua na hawa wema. Ndiyo maana watoto wengi huharisha baada ya dawa hizo.

Wazo la kuwarudisha wema kwa kuwameza si geni. Mwanasayansi Élie Metchnikoff, mzaliwa wa himaya ya Urusi aliyefanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, na ambaye mwaka 1908 alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi nyingine, alifundisha kuwa bakteria wa maziwa yaliyochachuka wanaweza kuilinda afya ya mzee. Mwaka 1917 daktari Mjerumani Alfred Nissle alimchukua bakteria mmoja kutoka kwa askari ambaye hakuugua wakati wenzake walipokuwa wanaharisha, akamfunga ndani ya vidonge vya ganda. Miaka michache baadaye Mfaransa Henri Boulard, akiwa Indochina wakati wa kipindupindu, alipata hamira ya aina ya pekee kutoka katika maganda ya matunda, ambayo mpaka leo huuzwa kama dawa ya tumbo.

Viumbe wa namna hii huitwa probiotiki. Mwaka 2001 wataalamu walioitwa na Shirika la Chakula na Kilimo pamoja na Shirika la Afya Duniani walikubaliana juu ya maana ya neno hilo: ni vijidudu vilivyo hai, ambavyo vikitolewa kwa kiasi cha kutosha humletea faida ya afya anayevitumia. Tafadhali, ndugu msomaji, pima maneno mawili katika maelezo hayo: vilivyo hai, na kwa kiasi cha kutosha. Aspirini haifi, ikikaa vibaya hupungua nguvu polepole. Lakini bakteria ni kiumbe. Akifa ndani ya kopo, kopo halilii, halinuki wala halibadili rangi. Unga hubaki uleule na bei hubaki ileile.

SAFARI YENYE MAJAMBAZI

Hebu tufuatane na bakteria mmoja tangu kiwandani, ili tuone anayokutana nayo.

Kwanza hukuzwa katika mapipa makubwa ya chakula cha majimaji, akaongezeka mpaka kuwa mabilioni. Kisha hutenganishwa na maji yake na hukaushwa, kwa kuwa bakteria aliye majini hula, hutoa tindikali, huchoka na kufa. Akikaushwa vyema hulala, na usingizi huo ndio unaomhifadhi. Lakini kumkausha kiumbe hai kwa moto ni kumwua. Kwa hiyo wataalamu humgandisha kwanza mpaka akawa barafu, kisha humweka katika chombo kilichonyonywa hewa, na humo barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupita kwenye maji. Kabla ya hapo huchanganywa na sukari maalumu, au na maziwa yaliyoondolewa mafuta, kwa sababu sukari hushika nafasi ya maji yaliyotoka na kuuzuia utando wa bakteria usipasuke. Hata hivyo, wako wanaokufa katika hatua hii.

Pili, unga huo ukitakiwa kuwa kidonge kigumu, hapana budi ushindiliwe na mashine. Shinikizo la mashine huwaponda bakteria, na msuguano huleta joto. Hapa mtengenezaji huwa kati ya mawe mawili. Akishindilia kidogo, kidonge humomonyoka njiani. Akishindilia sana, kidonge huwa kizuri kwa macho lakini ndani kimejaa maiti. Watafiti wametumia miaka mingi wakijaribu viwango vya shinikizo, na wakichanganya unga laini wa nyuzi za mimea ili uwe kama godoro la kupunguza kishindo.

Tatu ni hewa, joto na unyevu katika safari na katika maghala. Hapo ndipo chumvi ya Tukuyu inaporudi. Unga uliokaushwa ni kama ile chumvi: huvuta maji kutoka hewani. Unyevu ukiingia, bakteria huzinduka nusu, hutafuta chakula na hawakipati, na hufa. Ndiyo sababu dawa hizo hufungwa katika karatasi ya madini, kila kidonge na chumba chake, au huwekwa katika kopo lenye kijipakiti cha kufyonza unyevu. Nalo joto huongeza kasi ya kifo. Fikiria sasa shehena iliyoteremshwa bandarini Dar es Salaam, ambako jua na mvuke wa bahari havina huruma, ikapanda lori zaidi ya kilometa 800 kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya, ikakata kona Uyole, ikapita Isyonje na Kiwira mpaka Tukuyu; na pengine ikateremka tena hadi Kyela kwenye joto la Ziwa Nyasa. Kama hakuna aliyeiangalia njiani, ni wangapi watakaofika?

Nne ni tumbo lenyewe. Tindikali ya tumbo ni kali, na imewekwa na Muumba makusudi ili kuua vijidudu vinavyoingia na chakula. Haijui kuwa hawa ni wageni walioalikwa. Basi wataalamu hukipaka kidonge utando usioyeyuka penye tindikali kali, ambao huachia tu ukifika kwenye utumbo mwembamba ambako tindikali imepungua. Wengine huwafunika bakteria katika vitone vidogo vya ute unaotokana na mwani. Mwani wa kahawia wa nchi za baridi hutoa ute wa aina moja, na mwani mwekundu, wa jamii ile ambayo akina mama wa Zanzibar huilima pwani, hutoa ute wa aina nyingine ambao nao umejaribiwa katika kazi hii. Lakini hata kupaka utando kuna hatari yake, kwa kuwa mara nyingi hupulizwa kwa maji na hewa ya joto, yaani vitu vilevile tunavyovikimbia.

Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Tuchukue mfano wa hesabu tu, si wa kiwanda chochote. Kama kidonge kilianza na bakteria bilioni 10, na katika kila moja ya hatua tatu akabaki mmoja kati ya kumi, basi mwishoni watabaki milioni 10 tu, yaani mmoja kwa kila elfu. Ndiyo maana watengenezaji waangalifu hutia bakteria wengi zaidi ya wanaotangazwa, ili wale watakaosalia hadi tarehe ya mwisho wa matumizi wafikie idadi iliyoandikwa. Na ndiyo maana ni muhimu kusoma kama karatasi inasema idadi hiyo ni ya siku ya kutengenezwa au ni ya siku ya mwisho. Ya kwanza ni habari ya waliotoka nyumbani. Ya pili ni habari ya watakaofika.

JE, WAKIFIKA WANASAIDIA?

Swali hili ni la haki, na jibu lake si la mkato.

Shemeji yangu hakuwa mjinga hata kidogo. Mwaka 2019 wataalamu walikusanya matokeo ya majaribio 33 yaliyohusisha watoto zaidi ya 6,000 waliokuwa wanatumia antibiotiki. Waliopewa probiotiki pamoja na dawa waliharisha asilimia 8, na wasiopewa asilimia 19. Lakini angalia, walianza kupewa pamoja na antibiotiki, kabla tumbo halijachafuka, na kwa dozi kubwa. Bakteria bilioni 5 kwa siku au zaidi ndio walioonekana kufaa zaidi. Kuna pia habari njema kutoka jimbo la Odisha nchini India, iliyotangazwa mwaka 2017. Watoto wachanga 4,556 waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likapewa kwa siku 7 bakteria wa aina iliyochaguliwa kwa uangalifu pamoja na chakula chake. Waliopata maambukizi ya damu au kufariki walikuwa asilimia 5.4 katika kundi hilo, na asilimia 9 katika kundi la pili.

Sasa tusikilize upande wa pili. Mtoto akiwa tayari anaharisha kwa ugonjwa wa tumbo, mambo hubadilika. Mwaka 2018 yalitangazwa majaribio makubwa mawili, moja la Marekani na jingine la Kanada, na yote yalionyesha kuwa watoto waliopewa probiotiki hawakupona upesi kuliko wenzao. Na jirani zetu wa Malawi, ambao Rungwe na Kyela wanabadilishana nao mchele na salamu kila siku, waliwahi kujaribu. Katika hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, mwaka 2006 na 2007, watoto 795 wenye utapiamlo mkali walipewa chakula cha lishe, nusu yao kikiwa kimechanganywa na probiotiki. Waliopona utapiamlo walikuwa asilimia 53.9 katika kundi la probiotiki na asilimia 51.3 katika kundi jingine, tofauti ambayo haitoshi kuthibitisha faida.

Aidha, viumbe hawa hawafai kwa kila mtu. Kwa mtoto njiti, au mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka sana, bakteria aliye mwema kwa wengine anaweza kuingia katika damu na kuwa ugonjwa. Hao wasipewe bila daktari kuamua.

Funzo ni kwamba probiotiki si dawa moja. Kila aina ya bakteria ina kazi yake, kama vile si kila ng'ombe ni wa maziwa. Mtu akikwambia tu kuwa dawa hii "ina bakteria wazuri," amekwambia nusu ya habari.

NJIA YA PILI: MBEGU BADALA YA KIDONGE

Hapa turudi kwenye kibuyu cha shangazi. Kila jioni huchemsha maziwa ya ng'ombe wake, huyaacha yapoe mpaka yawe vuguvugu, kisha humimina ndani ya kibuyu kilichosafishwa, ambamo ameacha mtindi kidogo wa jana uwe mbegu. Nilipomwuliza kwa nini haachi kibuyu kikauke kabisa, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hauzi ng'ombe mwenye mimba.

"Mbegu ikifa, nitaanza na nini?" akasema.

Katika maneno hayo machache imo tofauti yote. Bakteria aliye katika kidonge hana nafasi ya pili. Aliyekufa amekufa, na aliyebaki huenda peke yake kukutana na tindikali. Lakini bakteria aliye katika mbegu, hata kama wenzake wengi wamekufa, akitiwa katika maziwa vuguvugu huamka, hula sukari ya maziwa, na huzaana usiku kucha mpaka asubuhi wakawa wengi kuliko walioanza. Maziwa hulipa hasara ya safari. Aidha, yakinywewa huupunguza ukali wa tindikali ya tumbo kwa muda, na hivyo huwa mwavuli wa bakteria hao.

Wako waliolitambua hilo na kulifanyia kazi hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2004 kikundi cha akina mama cha Tukwamuane jijini Mwanza kilianza kutengeneza mtindi wenye probiotiki, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Kanada na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Bakteria waliyemtumia alichaguliwa maabara, lakini aliongezwa idadi katika maziwa ya hapahapa, na mtindi ule ukanywewa na majirani, wakiwamo watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kama chakula cha nyongeza, si badala ya dawa zao.

Nchini Uganda njia hiyo imepiga hatua nyingine. Mfuko uitwao Yoba for Life, wenye asili ya Uholanzi, husambaza vijipakiti vya unga wa bakteria waliokaushwa. Bakteria wake mkuu ni wa aina iliyochunguzwa zaidi duniani, ambaye alipatikana Marekani katika miaka ya 1980 na watafiti Sherwood Gorbach na Barry Goldin. Hataza yake ilipokwisha muda, mfuko ule uliweza kumkuza kwa jina jipya na kwa gharama nafuu. Wasindikaji wadogo huchemsha maziwa, huyapooza kidogo, hutia unga, na kesho yake huuza mtindi. Katika sehemu za kusini-magharibi mwa nchi ile, watoto hupewa mtindi huo shuleni.

Nayasema haya nikiifikiria Rungwe. Ni nani asiyejua kuwa wilaya ile ni zizi la maziwa? Maboma mengi yana ng'ombe wa kisasa anayelishwa majani ndani ya banda, na kila asubuhi wazalishaji huonekana na madumu wakielekea vituo vya kukusanyia. Maziwa yapo, akina mama wenye ujuzi wa kugandisha wapo, na baridi ya Tukuyu ni rafiki. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu nayo ina kituo chake Tukuyu penyewe. Kikundi cha ushirika kinachotafuta mradi wenye manufaa hakihitaji kiwanda cha kushindilia vidonge. Kinahitaji sufuria safi, kipimajoto, mbegu iliyothibitishwa na wataalamu, na nidhamu ya usafi.

Lakini tusijidanganye. Mtindi wa kibuyu, pamoja na utamu wake, haujathibitishwa kuwa dawa ya ugonjwa fulani, kwa kuwa bakteria waliomo hawakuchaguliwa wala kuhesabiwa. Ni chakula bora; una protini na madini ya kujenga mifupa, na wengi ambao maziwa matamu huwasumbua tumbo huuvumilia vizuri. Hiyo ni sifa ya kutosha. Na maziwa yasiyochemshwa ni hatari hata yakiganda, kwa kuwa uchachu hautoshi kuua vijidudu vya homa ya brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe. Chemsha kwanza, kisha poza, ndipo utie mbegu.

YA KUZINGATIA NYUMBANI

Mtoto akiharisha, la kwanza ni maji. Mpe ORS iliyochanganywa katika maji salama kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Aliye chini ya miaka miwili anywe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha, kidogo kidogo. Anayenyonya aendelee kunyonya, na anayekula aendelee kula. Zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku kwa mtoto aliyetimiza miezi sita, na miligramu 10 kwa aliye chini ya hapo. Hakuna kidonge cha bakteria, kiwe hai au kiwe mfu, kinachoweza kuchukua nafasi ya mambo haya mawili.

Macho yakiingia ndani, mtoto akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea, au damu ikionekana katika kinyesi, usingoje. Mpeleke kituo cha afya saa hiyohiyo. Na mtoto ambaye hajatimiza miezi sita asipewe mtindi wala maziwa ya ng'ombe. Maziwa ya mama yanamtosha, na ndani yake Muumba ameweka sukari maalumu ya kuwalisha bakteria wema wa mtoto.

Kama daktari au mfamasia amekushauri kutumia probiotiki, uliza maswali manne kabla ya kutoa fedha. Ni bakteria wa aina gani, kwa jina lake kamili? Ni wangapi hadi tarehe ya mwisho wa matumizi? Wanatakiwa kukaa katika jokofu au hapana? Na duka limewaweka wapi? Wako bakteria wanaojifunga katika ganda gumu la asili, nao huvumilia joto kuliko wenzao. Wengine wakikaa rafuni penye jua ni fedha iliyotupwa. Muuzaji mwema hatakasirika kuulizwa.

Ukifika nyumbani, acha dawa katika kifungashio chake. Usitupe kile kijipakiti cha kufyonza unyevu. Usiweke kopo juu ya jiko wala dirishani. Usimimine unga katika uji wala chai ya moto. Chakula kiwe cha kupoa au vuguvugu. Usiponde wala kutafuna kidonge kilichopakwa utando, kwa maana utavunja ngao yake. Na kama mgonjwa anatumia antibiotiki, zipishane kwa saa mbili hivi, ili usiwakutanishe mgeni na mwuaji wake mlangoni.

Siku ya kuondoka, shemeji alinisindikiza hadi kituo cha basi akiwa amembeba mtoto mgongoni. Kikopo alikuwa amekitupa. Nilimwambia asijilaumu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kuwa alichonunua ni kiumbe. Alicheka, akasema kuwa angalijua, angalikitunza kama mama mkwe wake anavyotunza kibuyu.

"Ndaga fijo," nikamwambia, nami nikapanda basi nikiwa na chupa ya mtindi ndani ya kikapu.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.